Vifungo vya Babu

Wewe unayemfinya mwanao anyamaze mbele ya wasomi, yasikie ya mama huyu. Alikuwa ndani ya basi, bintiye, ambaye ni fundi cherehani, amekaa katikati yake na mtaalamu wa historia, ambaye alikuwa akiwaonyesha abiria picha kwenye kitabu chake.

"Siku ya kura ya mgomo, wa kugoma walinyoosha mkono wa kulia, wa kubaki kazini wakanyoosha wa kushoto," alisema. "Mtazameni huyu wa mbele, amenyoosha wa kushoto. Msaliti."

Huyo wa mbele alikuwa baba yake mama. Alipoona binti anafungua kinywa, akamfinya paja. Binti akauondoa ule mkono taratibu.

"Samahani, mzee. Wanaume wote hawa walivaa blauzi za wake zao?"

"Binti, hii ni historia, si mitindo."

"Shati la kiume vifungo hukaa kulia kwa mvaaji. Hapa wote viko kushoto. Picha imechapwa kinyume, kama kwenye kioo, mzee. Babu yangu alinyoosha wa kulia."

Mtaalamu akatazama picha, akainama kutazama kifua chake, akarudi kwenye picha. Nyuma, wanaume wawili walikuwa wanajipapasa vifua.

"Hilo linahitaji utafiti," akasema.

"Utafiti umeuvaa, mzee."

Basi likasimama. Mama akashuka kichwa juu, kama mama wa bibi harusi. Ila vidole vilimuuma: kwa kucha mbili tu, nusura amzike baba yake mara ya pili.