Kutu Ndani ya Mishipa ya Ami Athman

Hebu nijibu, wewe unayejiona mjuzi: katika mji unaojaza maembe na ndimu kwenye mapakacha yakauzwe Mombasa, kwa nini mgonjwa anyimwe embe? Nimeuliza hapa Langoni, mtaa wa Amu, kwenye daka, kibaraza cha mshona kofia, mpaka ulimi umekauka. Nina digrii ya sayansi ya Makerere. Kazi sina, maabara niliyoomba ilitaka digrii hiyohiyo na ngozi nyingine. Basi nimeajiriwa na kijiwe. Alasiri moja Ami Athman, ndugu wa baba yangu, alikuwa katikati yetu, mkono wa kulia umelala mapajani kama samaki wa jana, mdomo umekwenda upande. Tangu apooze, dada yake Bi Hadia humlisha wali wa samli asubuhi na jioni, halwa katikati, kwa heshima ya ugonjwa. Matunda ni marufuku: eti ni baridi, na baridi hugandisha mishipa.

Aliyekuwa akitetea marufuku hiyo ni Abdulhadi, tunayemwita Balozi kwa kuwa hajapata kutoka kisiwani.

— Mshipa ni mfereji, alisema. Ukitia baridi, mayi yagandama.

— Mayi yamegandama lini Amu, Bwana Balozi? nikamuuliza. Barafu umeiona wapi?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe wasikia la Wazungu, guu lako laja.

Husein akadakia. Huyu ni Redio. Hana betri na hazimiki.

— Samli ni grisi, bwana! Injini bila grisi yafa. Muongezeeni!

— Samli ile imechacha, nikasema. Ami akipumua waisikia harufu. Oxidation, gentlemen! Hewa huyala mafuta kama inavyokula msumari. Ni kutu. Wako wataalamu wanaoshuku kwamba kutu hiyo ikiingia mwilini, mishipa nayo hukakamaa, na kwamba matunda na majani mabichi yana kitu cha kuizuia. Hawajamaliza kubishana. Lakini ndizi ukiikata ukaiwacha, si yageuka nyeusi? Ikamulie ndimu uone. Yakaa nyeupe.

— Kumbe Bwana Athman ni ndizi!

Kijiwe kikaangua kicheko. Ami naye akacheka, kwa nusu ya uso aliyobakiwa nayo. Nikatamani kumtupa Redio mtaroni.

— Basi kama ni hivyo, Redio akaendelea, bandu bandu huisha gogo. Tumpige sindano ya ndimu papa hapa shingoni, kutu yote itoke puani!

— Laa, laa, nyote mwapotea, akasema Amini muuza kahawa, akimimina huku vikombe vikigongana kiganjani. Mshipa haukuziba. Una jini wa kike wa kisiwa cha Manda, ameketi ndani, akunjuwa miguu. Atindiwe mbuzi mweusi, damu imwagike, jini ashuke. Wahenga wamesema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— La haula! nikasema. Hayo waliyasemea mbuzi?

Ndipo Ami alipofungua mdomo. Neno lilikuja polepole, limelowa mate.

— E... mbe.

Nikachukua embe moja kwenye pakacha la kuuza ambalo Redio alikuwa ameliweka miguuni, nikalimenya kwa meno, nikamsogezea. Balozi akalinyakua, akalitupa ndiani.

— Wataka kumuua? Mwana wa kitabu we! Bi Hadia atatwambia nini?

— Embe halitamuua, Balozi. Wala halitaufufua mkono huu, sisemi hivyo! Nasema mtu amekaribia kaburi, mpeni ladha!

Ami aliliangalia lile embe vumbini. Jicho moja lilitoa machozi. La pili hata kufumba haliwezi.

Akatokea mtu mgeni, chumvi imemkauka miguuni.

— Asalaam aleikum. Mimi ni Famau, natoka Mkokoni, ng'ambo ya maji.

— Waaleikum salaam. Karibu kahawa, bwana.

— Sikai. Nimemwata mamangu gatini, yuwangoja. Tangu yana alfajiri mkono hauinuki, na mdomo umekwenda hivyo. Akamnyooshea Ami kidole kwa adabu, kama mtu aliyeonyeshwa ndia. Niambieni, bwana huyu yuwatibiwa na daktari yupi? Nami nimpeleke mama kwake.

Balozi akatazama ndani ya kikombe. Redio alizimika; sijapata kuliona hilo. Amini akainamisha dele la kahawa, likatoa machicha. Nyumba ya daktari ina kufuli. Aliyekuwamo alihamishwa, na mwingine hakuletwa. Wala hakuna aliyewahi kumpima Ami damu yake inakwendaje.

— Hapana daktari? Famau akauliza. Katika mji wote huu?

Ami akainua mkono wa kushoto, akamshika Famau kanzu.

— Mle... te, akasema.

Famau akaondoka mbio kuelekea gatini, nasi tukasogea kumpa mama yake nafasi ya kuketi. Hiyo ndiyo tiba tuliyokuwa nayo.

Sasa nasema na nyinyi, wenye mihuri, mnaokusanya kodi hapa bila kukosa hata mwaka mmoja. Tuleteeni daktari. Mpeni na mashine ya kupimia presha. Sitaki kamati, sitaki barua ya 'the matter is receiving attention', eti jambo lashughulikiwa. Na kama hamuwezi, pandeni boti, njooni Langoni, mumtazame mama yake Famau usoni, mumwambie nyinyi wenyewe kwa nini.