Datius Rugemalira, Aliyeifundisha Mashine Kusema "Sijui"

Marehemu Datius alizaliwa hapa Buganguzi, wilaya ya Muleba, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili wa marehemu mzee Joackim Rugemalira na mama Benigna. Mzee alikuwa akidai ndiyo siku walipoanza kuchuma kahawa. Machi nani anachuma kahawa? Lakini mzee hakuwa mtu wa kubishiwa, basi tuendelee.

Alisoma shule ya msingi kijijini, akaenda sekondari Kamachumu, akamaliza mwaka 1998. Huko aliwachosha walimu kwa swali moja: "Umejuaje?" Mwaka 2003 alihitimu chuo cha ufundi Dar es Salaam.

Kazi yake imetusumbua wengi kuieleza, na wale waliokuwa wakimpelekea televisheni mbovu nyumbani kwake Rwamishenye wanajijua. Hakutengeneza televisheni! Aliviandalia viwanda programu za kompyuta, kila kiwanda ya kwake, kama fundi cherehani anavyompima kila mtu suti yake, ili anayeendesha mashine akitazama kioo aone joto na mwendo wake papo hapo.

Mwaka 2016, katika kiwanda kimoja cha kukaanga kahawa, waya unaopeleka habari za joto kwenye kompyuta ulikatika. Namba ya joto ikabaki palepale kwenye kioo, nzuri kabisa, huku pipa la kukaangia likizidi kuwaka. Fundi Avit akaiamini namba, akafungua mlango wa pipa, akaungua mkono. Tangu hapo Datius aliweka sharti: mashine ikinyamaza, namba ifutike, kioo kiandike "Sijui".

Mwenye kiwanda, Bwana Najibu, alikasirika. "Datius, nimekulipa uniletee kompyuta isiyojua?"

"Haijui, Bwana Najibu. Ulitaka ibahatishe?"

"Wageni wakija nitawaambia nini?"

"Waonyeshe mkono wa Avit."

Walinuniana mwezi mzima. Neno lile halikuondolewa.

Alikuwa amefunga ndoa na Theopista, binti wa Kamachumu, tarehe 8 Septemba 2007, wakajaliwa watoto wawili. Theopista anasema akimuuliza kama ndizi zimekolea, alijibiwa ukweli, hata mbele ya wakwe. "Mume gani huyu!" alikuwa akilalamika, kisha anaongeza chumvi.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2024. Alilazwa Bukoba mwanzoni mwa Februari 2025, na hapo ukoo wetu ukafanya kawaida yake. Mama Benigna akipiga simu kutoka huku Buganguzi, anaambiwa: "Anaendelea vizuri." Daktari ametuita pembeni, anaendelea vizuri. Hali chakula, anaendelea vizuri. Jamani!

Datius alimuuliza dada yake mkubwa, Edvina, "Mama umemwambia nini?"

"Kwamba unaendelea vizuri."

"Unaniona naendelea vizuri?"

"Mama ana ugonjwa wa moyo, Datius! Unataka tuzike wawili?"

"Nataka anione, dada. Mtamficha mpaka lini? Mpaka aje kuona jeneza?"

Edvina akalia, akakataa. Wajomba na mashangazi wakamuunga mkono. Theopista ndiye aliyechukua simu mbele yao wote. "Mama, madaktari wamekata tamaa. Datius anakuhitaji."

Mama akasema, "Na nyinyi mnasubiri nini? Leteni gari!"

Alifika Jumamosi tarehe 15, amebeba uji kwenye chupa ya chai. Akamgombeza kwa kukonda, akampaka mafuta miguuni, wakazungumza Kihaya mpaka jioni, sisi wengine tumetolewa nje. Jumapili asubuhi, tarehe 16 Februari 2025, Datius alifariki, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama.

Leo tunamlaza kwenye kibanja cha baba yake. Ameacha mjane Theopista, watoto Annastella na Kahangwa, dada yake Edvina, na mama yake Benigna, aliyeketi hapo mbele. Mnamwona. Mshtuko haukumuua, alimwahi mwanawe.

Mungu ampokee Datius, ampumzishe kwa amani.