Bi. Mbinya Nyamai na Sinia la Mlangoni

Bi. Mbinya Nyamai anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufanya usafi katika Kituo cha Afya cha Kwa Kivuva, huku juu kwenye barabara ya Nunguni. Nimeombwa niandike nusu ukurasa kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Nikaambiwa pia nisisahau maneno "mchapakazi" na "mnyenyekevu". Mchapakazi, sawa. Mnyenyekevu, hapana, na aliyependekeza neno hilo hajawahi kukanyaga sakafu ambayo Bi. Mbinya ametoka kuipiga deki.

Nusu ukurasa haitanitosha, na waliotarajia maneno matamu matupu watanisamehe, kwa sababu nimekasirika. Ndani ya faili la mama huyu kuna barua moja ya onyo, ya mwaka wa 2016. Kwa ajili ya barua hiyo jina lake lilirukwa mara tatu nafasi ya msimamizi wa usafi ilipotangazwa. Hakustahili kuandikiwa hata mstari mmoja wa barua ile, na ofisi inataka astaafu nayo hivyo hivyo, kimya kimya, huku tukimpigia makofi na kumkatia keki.

Aliajiriwa 1994, wakati koleo za kung'olea meno zikichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Mpulizaji wa jiko alikuwa yeye. Hakuna aliyemfundisha kupanga vyombo vya chumba cha meno, lakini hadi leo nikipapasa bila kuangalia, ninachokitaka kipo pale pale. Kuna mwaka kiongozi mmoja mkubwa alikuja kutukagua na msafara wake, Bi. Mbinya akawasimamisha wote mlangoni mpaka sakafu ikauke. Aliwatolea benchi. Wakakaa.

Mimi ni Kaloki, afisa wa afya ya kinywa. Nilifika hapa 2014 nikitoka chuoni, nikijua kila kitu. Watoto walikuwa wakiletwa magego yameoza, mashavu yamefura, midomo ikinuka majani na magome, nami nikiwagombeza mama zao mpaka foleni nzima isikie. Mwishowe nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika tangazo na kulibandika mlangoni: DAWA YA HOSPITALI AU MITISHAMBA. CHAGUA MOJA. Nililipenda sana tangazo lile. Nilikuwa nikilisoma kila asubuhi nikiingia.

Basi kina mama wakachagua, na wengi walichagua kunidanganya. Walisukutua watoto midomo kwenye bomba la nje, wakatupa vifurushi vyao kwenye ua wa miiba ya kayaba, kisha wakaingia kusema hawajatumia chochote. Mimi nikaandika "hakuna" kwenye kadi. Aliyekuwa akiviokota vifurushi hivyo jioni ni Bi. Mbinya. Aliniletea mara mbili, amevishika kwa glavu, akaniambia watu wanaogopa mlango wangu. Nikamjibu kwamba kazi yake ni ufagio. Nayaandika maneno hayo vile vile nilivyoyasema, ili yanichome mimi mwenyewe.

Machi 2016, Katunge kutoka upande wa Kasikeu alimleta bintiye Ndila, wa miaka sita. Gego la chini lilikuwa limeoza na shavu limevimba. Susu yake, mama ya Katunge, alikuwa amemsukutulisha maji ya magome ya mti wa mukenea kwa siku nne na kumkanda shavu kwa majani ya moto. Katunge alisoma tangazo, akamfuta mtoto uso, akaniambia hakuna walichotumia. Nilimpa dawa ya maji ya siku saba na kumwambia amrudishe Ijumaa nimng'oe jino. Sikumwuliza swali la pili, maana foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa mtu muhimu.

Ijumaa hakuja. Alikuja Jumatatu iliyofuata, na hakuingia. Alisimama hatua chache nje ya mlango amembeba Ndila mgongoni, shingo ya mtoto imefura mpaka hawezi kufungua mdomo, udenda unamtiririka, akasoma tena tangazo langu na kugeuka arudi nyumbani. Ndiyo, arudi nyumbani. Bi. Mbinya aliacha ndoo katikati ya njia, akamfuata, akamchukua mtoto mikononi majani yakiwa bado shavuni, na kumlaza kwenye kiti changu. Chupa ya magome aliiweka juu ya trei yangu safi, kando ya koleo.

Nikafungua mdomo nigombe. Akaniambia kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu ya nyumbani, ili kila mtu aelewe: "Kaloki, uliza. Usigombe." Kisha akalibandua lile tangazo langu mlangoni, akalikunja na kulitia kwenye ndoo.

Tulimkimbiza Ndila hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa. Daktari wa huko alinipigia simu kujua mtoto amepewa nini, na nilikuwa na jibu kwa sababu ya ile chupa tu. Walimpasua chini ya taya kutoa usaha, wakang'oa gego, akalazwa siku kumi na moja. Alipona.

Na mimi, mwerevu wa chuo, siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi nilikaa mezani nikaandika barua ya kumshtaki Bi. Mbinya kwa kuingilia kazi ya kitabibu, kuchafua vyombo na kuharibu mali ya kituo. Naam, barua ya onyo ilitoka kwangu. Nilikuwa nimeaibishwa mbele ya wagonjwa na mtu wa deki, na hilo liliniuma kuliko shingo ya mtoto.

Katunge alipomrudisha Ndila nimwangalie kidonda, hatimaye niliuliza. Alinieleza taratibu kwamba magome yalikuwa yamempunguzia mtoto maumivu, na susu hakutaka yaachwe, kwa hiyo yeye Katunge akaacha kumpa dawa yangu siku ya pili. Aliogopa vitu viwili vikikutana mwilini vitamuua. "Si mlisema nichague, daktari," akaniambia. Hakusema kwa ubaya.

Wiki hiyo Bi. Mbinya alileta sinia la chai kutoka jikoni, akaliweka juu ya kiti mlangoni. Kila mzazi huweka hapo alichotumia na kuingia nacho. Mwarobaini, mukenea, karafuu, chochote. Siku hizi naangalia, nauliza, naandika. Maji ya kusukutua yasiyo na madhara nasema endelea, lakini mtoto ateme, asimeze. Cha moto shavuni, acha leo. Dawa ya hospitali imalizwe hata maumivu yakiisha, na jino bovu litolewe, kwa sababu hakuna gome wala kidonge kitakachotoa mzizi uliooza. Uvimbe wa shavu ukishuka shingoni, homa ikipanda au mdomo ukigoma kufunguka, mtoto aletwe saa hiyo hiyo. Ni maneno machache tu, na kwa miaka miwili niliyanyima watu kwa kalamu nyekundu.

Nimeomba barua ile iondolewe mara nne, kwa wasimamizi wanne. Mmoja aliniambia karatasi ya faili haing'olewi. Mwingine, kamati itakaa. Mwezi uliopita nikaambiwa niache mambo ya zamani, na kwamba sinia lirudishwe jikoni kabla ya Ijumaa kwa kuwa haliko kwenye orodha ya vifaa vya chumba cha meno. Miaka tisa tumekosa kamati ya barua, lakini ya sinia imepatikana.

Sinia halirudi. Anayelitaka aje alichukue mikononi mwangu.

Bi. Mbinya, mwaitu, mama yetu, asante kwa kila asubuhi, na asante kwa asubuhi ile moja. Kapumzike, ulime, wajukuu wakuchoshe kwa mema, na yeyote atakayekukanyagia sakafu mbichi huko nyumbani, mkubwa au mdogo, msimamishe mlangoni kama ulivyotuzoesha.

Ndila ana miaka kumi na mitano sasa, na Ijumaa atakuja na mama yake. Nimemwomba alishike sinia mbele ya wageni wote, ofisi ikiwa imekaa viti vya mbele. Nitaweka juu yake nakala ya barua ya 2016 pamoja na nyingine ya kuifuta, yenye sahihi yangu. Kwetu kila anayeingia huweka pale alichotumia. Zamu yangu ilikuwa imebaki.