Afande Acan na Neno Linalofuata Ngumi

Tarehe 30 Juni, Sajenti Acan Docus anavua sare ya polisi baada ya kuivaa miaka thelathini na sita, thelathini na miwili kati yake akiwa hapa hapa wilayani Kasese. Vyeo, tarehe na vituo vyake vimo katika faili. Mimi, Koplo Nobert Kiiza, nimeombwa niandike yale ambayo hayamo. Nimekubali kwa woga kidogo, maana Acan anaacha darasa la karate la Jumamosi pale kambini, na suala la nani ataliongoza limeninyima raha tangu Januari.

Alipohamishiwa Bwera, mpakani mwa wilaya yetu na Congo, mwaka 1994 alikuwa na miaka ishirini na minane, Mwacholi mrefu, mwepesi wa ngumi na wa maneno. Huko alimkuta Mwalimu Kasereka, seremala aliyevuka mpaka kutoka Congo na kuwa mtu wa kwanza, kwa kadiri watu wa Bwera wanavyokumbuka, kufundisha karate upande wetu. Walifanyia mazoezi katika ghala tupu la pamba. Kabla ya kuanza kila mtu alifagia, hata mwenye cheo, kisha Mwalimu akasimulia habari za mabingwa wa kwanza wa Okinawa, ambao kwa maelezo yake karibu wote walikuwa maskini, wenye adabu na wapenda chai. Kama yote yalikuwa kweli, mimi sijui. Somo lilikuwa moja tu: karate huanza kwa kuinama na huisha kwa kuinama.

Sasa kisa chenyewe. Ngumi za Acan zilikuwa na haraka mno, na Mwalimu alikuwa akimwambia, "Pole!" Katika Kiswahili chake cha Congo alitaka apunguze mwendo. Acan, aliyejifunza Kiswahili kwa amri za chuo cha polisi, akaelewa kwamba anaagizwa kumpa pole aliyepigwa. Amri ni amri. Ikawa kila akipiga, anasimama wima na kumwambia mwenzake pole, kwa sauti ya gwaride. Mwalimu naye akadhani kumbe hiyo ndiyo desturi ya polisi wa Uganda, akaona si vizuri kuuliza. Waliendelea hivyo miaka miwili mizima, na darasa lote likaiga.

Siku mambo yalipofumuka, Mwalimu alicheka mpaka akaketi juu ya mbao zake. Wanafunzi wakauliza kama sasa waliache neno hilo. Akafuta machozi, akasema, "Hapana, muendelee. Mutu akisema pole, mukono yake inasikia."

Neno hilo Acan alikuja nalo Kasese mjini alipoanzisha darasa letu. Amelifundisha kwa askari, kwa wake zao, na kwa wapagazi wa mlimani wanaoteremka kutoka Nyakalengija na magoti yanayouma. Kazini pia alilitumia. Mlevi mmoja kwenye paki ya teksi alimrushia chupa. Acan akaikwepa, akamlaza chini taratibu kama anayemlaza mgonjwa, akamfunga pingu, akampa pole. Yule bwana akajibu asante. Mimi nilikuwepo, na nilicheka mbele ya wananchi, jambo ambalo askari hapaswi kufanya. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyekamatwa na Acan akavunjika hata kidole.

Mwaka 2012 tulikwenda pamoja kwenye mtihani wa mkanda mweusi. Mtahini alimsimamisha katikati. Alimwambia katika karate hakuna neno kama hilo, aliondoe au arudi nyumbani. Nilimnong'oneza aliseme moyoni, kwa siku hiyo moja tu. Mimi nilifanya hivyo na nikarudi na mkanda mweusi. Yeye alirudi na ule ule wa kahawia. Alijaribu tena mara mbili, akaanguka mara mbili kwa sababu ile ile. Mwalimu Kasereka alikuwa amekwisha fariki, nami nikamuuliza anamwogopa nani sasa. Alinijibu bila kufoka kwamba mkono ukinyamaziwa siku moja, utazoea kutosikia. Nilikasirika, kwa sababu wangu ulikuwa umeshaanza kuzoea. Tangu mtihani ule nilikuwa napiga kimya, na yeye hakunikaripia hata siku moja.

Kwa kanuni za chama cha karate, darasa huongozwa na mwenye mkanda mweusi. Acan alivumiliwa kwa kuwa ndiye mwanzilishi. Baada yake, kambini tuko na mkanda huo mmoja tu, na ni huu wangu. Barua ya kuniteua ilipofika Januari, Acan aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. Niliona anachokiogopa: kwamba neno la mwalimu wake litaishia kwake. Haki ya Mungu, hata mimi nilikuwa naliogopa hilo.

Jumamosi iliyopita alifundisha kwa mara ya mwisho, akanichagua mimi nisimame mbele yake. Ngumi yangu ikapita kipimo na kumpata begani, yeye mwenye miaka sitini. Kwa miaka kumi na minne sikuwa nimelitamka neno lile. Likatoka lenyewe, tena kwa sauti ya gwaride: "Pole, afande!"

Akainama. Akalishika bega lake.

"Sasa chukua darasa," akasema, kisha akaenda kusimama mwisho wa mstari, pamoja na wanaoanza.

Afande Acan anahamia Ibanda, kwenye shamba lake la kahawa. Kwa niaba ya kambi nzima tunamshukuru kwa kila mkono aliousikilizisha, ukiwemo wangu uliochelewa. Afande, mikahawa yako izae vizuri, magoti yakutii, na majirani wasijue mapema kwamba unaweza kuwaangusha. Jumamosi tutafagia, tutainama na tutalisema. Leo tunakuaga kwa neno hilo hilo, ila safari hii kwa maana aliyoikusudia Mwalimu Kasereka: pole, afande. Huna haraka tena.