Besi ya Ng'ambo ya Korongo

Ndu. Kimya. Ndu, ndu. Kisha sauti ikapanda polepole, kama mtu mnene anayenyanyuka kwenye kigoda, ikakaa juu kidogo, ikashuka tena. Ndu.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, ndugu zangu, na apewe sifa Bwana ambaye ana njia nyingi za kumwita mtu. Nilikuwa nimelala chali kwenye ngozi, saa nne ya asubuhi, jua limeshapanda na mimi sijawasha moto. Sauti ile ilitoka ng'ambo ya korongo, ikapenya ukuta wa udongo, nikaihisi mgongoni kabla sijaisikia vizuri masikioni. Sikuona kitu. Na kwa mara ya kwanza tangu nimzike mwanangu, nilijiuliza swali ambalo halikumhusu yeye. Kile ni nini?

Naitwa Anjela. Niliolewa Endabash na Boay, kijana wa watu wapole, walimaji wa mahindi na maharage ya ngwara. Ilikuwa miaka ile baada ya vita ya Uganda, sabuni na sukari ni vya kutafuta, lakini sisi tulikuwa na mtoto wetu, Neema, na nyumba ilijaa. Alikuwa bado ananyonya. Homa ilimchukua kabla hatujapata gari la kumfikisha hospitali.

Ninyi wa kwetu mnajua kinachofuata, ila wapo humu waliotoka mbali, acheni niwaeleze. Kwetu Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto wa kunyonya huingia metimani, yaani hutengwa. Hukaa kwake miezi mingi, mpaka wazee waseme basi. Haingii nyumba ya mtu. Haendi kisimani wengine wakiwapo. Hakuna anayekuja kwake kuomba moto, wala anayekunywa maji kwenye kikombe chake. Sisemi haya kuwadharau wazee. Waliogopa msiba usitambae nyumba kwa nyumba, na waliogopa hivyo kwa sababu waliwapenda watoto wao. Hata sisi tuliobatizwa tulishika mwiko huo kimyakimya. Jumapili tuliimba habari za kuoshwa, Jumatatu njia ya kupita kwenye nyumba ya aliyefiwa ikaota majani.

Mume wangu naye aliguswa na mwiko, ila alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa, kati ya watu wa makabila mengine ambao mambo yetu hawakuyajua. Aliondoka alfajiri, akarudi jioni. Mchana kutwa nilibaki na ukuta. Mama mkwe wangu, Mama Boay, aliniletea unga, akauweka nje ya ua wa minyaa, akaniita jina langu, na nilipotoka nilikuta mgongo wake umeshafika mbali.

Ndugu zangu, ukikaa hivyo muda mrefu unaanza kuamini jambo baya. Nilianza kuamini kwamba uchafu si msiba, uchafu ni mimi. Niliacha kusali, nikidhani hata Mungu anapita njia nyingine. Niliacha kupika. Boay aliniambia baadaye kwamba kila jioni, akifika kwenye kona ya mashamba, miguu ilikuwa inamwia mizito kwa kuogopa atakachokikuta.

Basi hapo ndipo sauti ile iliponikuta. Nikawaza ni kinu. Lakini kinu hakipandi wala hakishuki. Nikawaza ni ngoma. Ngoma nazijua, nimecheza ngoma mimi, ina sauti yake na inabaki nayo. Kitu hiki kilitembea. Kilipanda kama mtu anayepanda kilima cha Mbulu, kikatua, kikarudi. Nikajikuta nimesimama uani, nimeziba jua kwa mkono, nasikiliza. Oneni kazi ya Bwana! Kupona nilikuwa bado. Nilitoka nje kwa kutaka kujua tu.

Jioni nilimuuliza Boay. Akasema huyo ni Safari, dereva wa trekta, anaipigia besi kwaya ya vijana wa pale shambani, wanafanyia mazoezi kwenye ghala la mahindi. Nikamuuliza hiyo besi ni kitu gani. Sanduku la mbao, akasema, na fimbo, na kamba moja.

Nilimwambia anidanganye kwa jingine. Kamba moja itoe sauti zote zile? Boay akakuna kichwa. Akasema Safari huwa anaivuta ile fimbo, au labda anaisukuma, yeye hakuwahi kuangalia vizuri, yeye anaimba tu. Kisha akacheka, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimeusahau mlio wa kicheko chake.

Kesho yake nililitazama sanduku letu. Lilikuwa la mbao nyembamba, la kubebea majani ya chai, lina bati kwenye kona. Ndani mlikuwa na nguo za Neema. Sikuwa nimeligusa tangu siku ile. Nikazitoa moja moja, nikazikunja, nikazifunga kwenye kanga. Sitawaambia hilo lilikuwa jepesi. Lakini mikono ilikuwa na haraka na kazi yake, ikanivuta na mimi. Nikaligeuza sanduku chini juu. Tundu lilitakiwa katikati, na mimi sina keekee. Nikawasha moto ili nipashe msumari. Msumari ukatoboa, moshi wa mbao ukanukia vizuri, na kwa kuwa moto ulishawaka, nikainjika chungu. Siku hiyo nilikula. Wapo walionihubiria nile nikashindwa. Tundu la msumari likanilisha.

Kamba ndiyo iliyonitesa. Nilijaribu katani, ikatoa sauti ya mtu anayepiga gunia. Nilijaribu kano la ng'ombe, likalia vizuri ajabu, halafu likakatika na kunichapa shavu. Nikatazama huku na huku, nikaona kamba ya nailoni, nyembamba, imara, imemfunga mbuzi wetu kwenye kigingi. Nikaifungua. Nikaipitisha kwenye tundu, nikafunga fundo kwa ndani, ncha ya juu nikaifunga kwenye fimbo ya mlama, fimbo nikaisimamisha ukingoni mwa sanduku. Nikavuta.

Ndu.

Niliruka nyuma kama niliyekanyaga nyoka. Kisha nikarudi. Fimbo ikivutwa nyuma, kamba inakaza, sauti inapanda. Ukiilegeza, inashuka. Ndiyo siri yote! Sauti zote zile zilikuwa ndani ya kamba moja, zinangoja kuvutwa. Nilikaa na jambo hilo siku nzima, nikilivuta na kulilegeza, na sikumkumbuka mbuzi.

Mbuzi alikuwa ameingia kwenye ngwara za mama mkwe wangu.

Mama Boay alimrudisha kwa fimbo na kwa maneno. Alikuwa na hasira, na alikuwa na hofu pia, maana majirani walikwisha kumfuata. Walikuwa wamesikia mngurumo ukitoka kwenye nyumba yenye mwiko, wakasema pepo wa chemchemi wamehamia kwa mkwewe. Mwanamke mmoja alikuwa ameshahamisha ndama zake. Mama Boay akasimama nje ya minyaa, kama desturi, akaniuliza kamba ya mbuzi iko wapi.

"Inaimba, mama," nikasema.

"Inaimba." Alilirudia neno kama mtu anayeonja mboga asiyoijua. "Kamba ya mbuzi."

Nikampigia. Akamfunga mbuzi kwa kitenge chake mwenyewe, akaondoka bila kuniaga.

Siku iliyofuata alikuja tena, na hakuwa na unga mkononi. Alitaka kujua kwa nini sanduku linarukaruka. Nikamwonyesha jinsi ya kulikanyaga kwa mguu mmoja. Siku nyingine akasogea mpaka penye jaa la majivu, akasema sauti inabanwa chini, nitie jiwe upande mmoja ili ipate pa kutokea. Nikatia jiwe. Sauti ikatoka kama fahali. Akafurahi, akajizuia kufurahi, akarudi nyuma ya minyaa. Siku nyingine alifika kwenye ghala letu dogo la uani. Kila mara alikuwa na swali, na kila swali lilikuwa linamsogeza hatua, na wote wawili tulijifanya hatuoni.

Ng'ambo nako walisikia. Safari akipiga, mimi nilimjibu. Akatuma salamu kwa Boay: mwambie mkeo anachelewa, kama ng'ombe wa mwisho kufika majini. Niliudhika, nikajifunza. Nilianza kuomba tena nikiwa nimekanyaga sanduku, maana kati ya ndu moja na nyingine kuna nafasi, na nafasi hiyo inamtosha mtu kusema Bwana nihurumie. Baadaye salamu zikaja kwamba ng'ombe amefika.

Kisha Safari akapata kazi ya udereva kwenye hoteli huko Ngorongoro. Kwaya ilikuwa na safari ya kwenda kuimba Karatu, kwenye mkusanyiko wa sharika, na sasa haikuwa na besi. Yeye mwenyewe akawaambia: mchukueni yule wa ng'ambo. Boay alinieleza jinsi walivyolipokea neno hilo kule ghalani kwao. Hakuna aliyetukana. Mama mmoja alisema tu kwamba ana mtoto wa kunyonya nyumbani. Mwalimu wa kwaya akafikiri, akatoa neno: Mama Boay akinywa maji katika nyumba ile, tutasimama na Anjela. Asipokunywa, amalize miezi yake.

Mnaelewa uzito wake, ndugu zangu? Mama Boay naye alikuwa na mjukuu mwingine nyumbani kwake, mtoto wa shemeji yangu, mdogo, ananyonya. Kikombe kile hakikuwa cha kwaya. Kilikuwa cha mtoto yule, maana kwa mwiko wetu msiba ungemfuata bibi yake mpaka nyumbani. Nilimwambia Boay asimlazimishe mama. Lakini ndani yangu nilijua kwamba nikikataliwa nitarudi kwenye ngozi, na safari hii sitaamka. Boay alimweleza mama yake.

Mama Boay akaja Jumamosi asubuhi. Alipita minyaa. Akapita jaa, akapita ghala la uani. Akainama, akaingia ndani mwangu, akasimama akihema.

"Nimekuja kuona mna nini humo kwenye sanduku," akasema.

Nikaliinua. Akapiga magoti, akaingiza mkono, akapapasa kona zote nne.

"Hamna kitu."

"Hamna, mama."

"Na ndiyo linaunguruma hivi?"

Akasimama, akalikanyaga kwa mguu wake uliopasuka kisigino, akashika fimbo, akavuta. Ndu. Akacheka, akajiziba mdomo kwa mkono. Kisha akasema taratibu, "Yule mtoto angecheza." Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amemtaja Neema mbele yangu. Tulilia pamoja, yeye bado ameshika fimbo.

Alipomaliza kulia akaomba maji. Nikaanza kutafuta kikombe ambacho hakijatumika. Akaniambia nisihangaike, akachukua changu, kilichokuwa na maji yangu nusu.

"Mama," nikasema, "na mtoto wa nyumbani kwako?"

"Nimemwombea njia nzima. Nimechoka kumwogopa mtoto wangu kwa ajili ya mtoto wangu."

Akanywa yote.

Nasimama mbele yenu leo kumshukuru Bwana, na kumshukuru mama huyo kwa kile kikombe. Mtoto yule wa nyumbani kwake yupo. Ni msichana wa shule sasa, ana meno makubwa na hamsikii mtu. Mimi bado namlilia Neema, nisiwadanganye. Lakini sijioni tena uchafu, na njia ya kuja kwangu haioti majani. Kama humu ndani yupo aliyelala chali, ambaye hata sala imemshinda, sitamwambia ajikaze. Namwambia hivi: kama kuna kitu, hata kidogo, ambacho bado unataka kukijua, inuka ukakiangalie. Mwamini Bwana kwa kiasi hicho tu. Mimi alinivuta kwa swali, na nilipoinuka kulitafutia jibu nilimkuta yeye yupo.

Asubuhi ile ile ya kikombe kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba kule ghalani, ng'ambo ya korongo, bila besi, sauti zinaelea tu. Mama Boay akanifunga kanga kichwani, akanipandishia sanduku, akanipa fimbo mkononi. Nikamuuliza nyumba nimwachie nani. Akasema atakaa yeye, ana ngwara za kuchambua, niende. Nikainama, nikatoka juani. Nilipofika penye minyaa nilisita, nikageuka. Mama mkwe wangu alinitazama kidogo, akaurudisha mlango, na nikasikia komeo likishuka kwa ndani, ili nisipate pa kurudi.