Vidonge vya Verediana

Benchi langu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya ringi mbili za trekta, mbele ya duka la mume wangu Seifu, hapa Katesh, pale malori ya ngano yanapopunguza mwendo kabla ya kona. Birika ni langu, vikombe ni vyangu, makaa nanunua mwenyewe. Maneno tu ndiyo ya kwao. Wenye benchi ni watatu. Yupo Hhando, fundi wa kombaini, mashine za kuvunia, kwenye shamba la ngano la serikali, tunamwita Injinia, na siku hiyo alikuwa anasubiri spea kama alivyoisubiri wiki nzima. Yupo Basili, aliyewahi kuwa katekista, tunamwita Askofu, na jina limemkolea mpaka anatembea polepole. Na yupo Akonaay, tunamwita Redio, kwa sababu hakuna anayejua anazimiwa wapi. Hakuna jambo wasilolijua watu hawa, nami nimechoka kujifanya nashangaa. Upepo wa mlimani ulikuwa mkali asubuhi ile, mavuno yamepamba moto, na walikuwa wameshaanza kubishana kabla kahawa haijachemka, ndipo akatokea Margwe, dereva wa kombaini.

– Shikamoo, Mama Ayubu.

– Marahaba, Margwe. Nikumiminie?

– Maji kwanza, mama. Mdomo umenikauka.

Akanywa kikombe kikubwa cha maji, akaomba kingine. Macho yake yalikuwa nusu wazi. Redio hakumpa hata nafasi ya kukaa vizuri.

– Dereva yuko kijiweni mwezi wa saba? Umemwaga unga?

– Nimeshushwa kwa leo, Margwe akasema. – Jana nilisinzia kwenye usukani. Kombaini ikatoka kwenye ngano, tairi la mbele likaning'inia korongoni.

– Pombe hiyo, Redio akasema.

– Sijaonja.

– Basi kuna mkono wa mtu, akasema Askofu. – Kuna mtu anakitaka kiti chako.

– Askofu na uchawi tena! Injinia akacheka. – Ni moshi wa dizeli. Ukiuvuta msimu mzima damu inakuwa nzito, haipandi kichwani. Mimi nimeshaona.

Margwe aliinamia kikombe chake tu. Redio, ambaye kimya humuuma kama jino, akahamia habari nyingine.

– Hebu tuambie, yule rafiki yako wa Bassotu alikata shauri gani?

Habari ya huyo rafiki ilikuwa imekaa kijiweni tangu kabla ya mavuno. Margwe ndiye aliyeileta. Alisema kuna jamaa, mkewe alimeza vidonge vya hospitali vya ugonjwa wa huzuni, akapona, na sasa ana mimba, naye bado yuko kwenye vidonge. Jamaa anauliza: aendelee kumeza au aache? Benchi lilipokea swali hilo kwa furaha, maana mvua zilikuwa zimekwisha na hakukuwa na la kuzungumza.

– Bado hajatulia, Margwe akajibu.

– Nilishamwambia aache! Injinia akaweka kikombe chini. – Mama na mtoto ni injini mbili, tangi moja. Ukitia mafuta machafu, zote zinakohoa.

– Lakini mbegu za ngano tunazipaka dawa kali na zinaota vizuri, Redio akasema. – Tena zisipopakwa zinaoza.

– Na kuku akizila?

– Anakufa.

– Ehe! Sasa mtoto aliye tumboni ni mbegu au ni kuku?

Mimi nikatikisa makaa. Nimezaa wanne, na hakuna aliyeniuliza.

– Mnasumbuka bure, Askofu akasema kwa sauti ya mimbarini. – Hiyo ni dawa ya kuondoa huzuni, siyo? Basi mtoto atazaliwa bila huzuni. Hatalia. Akiwa na njaa, kimya. Akichomwa na moto, kimya. Atakua, aende kwenye msiba wa baba yake, asimame pale anatabasamu. Hiyo ni aibu ya ukoo mzima.

– Mimi nimesikia Wazungu wanawapa ng'ombe wao, Redio akadakia. – Ndiyo maana ng'ombe wa kisasa hawapigani pembe. Ukikamua ng'ombe huyo, ukanywa maziwa, unasamehe madeni.

Wakacheka. Hata mimi mdomo ulinicheza.

– Ndiyo maana mwezi uliopita nilitoa suluhisho mimi, Injinia akasema akijipiga kifua. – Nyumba ni moja, huzuni ni moja. Mume ameze vidonge, mke atapona. Mtoto hataguswa. Si mlikubali wote?

– Tulikubali! Redio akapiga paja.

– Alimeza, Margwe akasema.

– Nani?

– Huyo jamaa. Alimeza.

– Acha! Injinia akafurahi kama ameona spea imefika. – Ikawaje?

– Analala.

– Na nini kingine?

– Mdomo unakauka.

Akanyoosha kikombe niongeze maji. Niliinua jagi, na mkono wangu ukakataa kumimina. Injinia naye alikuwa anamtazama, kicheko bado kimebaki usoni kwa kukosa pa kwenda.

– Margwe, akasema taratibu, – huyo jamaa wa Bassotu ni wewe.

Margwe alitoa mfukoni kichupa cha vidonge akakifunika kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayeficha kitu mbele ya watoto.

– Ni Verediana, akasema. – Mke wangu.

Verediana tunamfahamu sote, hununua chumvi kwetu.

– Si mliambiwa alikuwa na homa, alipojifungua yule wa kwanza? Margwe akaendelea. – Haikuwa homa. Aliacha kulala. Halafu akaacha kula, akaacha hata kumtazama mtoto. Mwisho wachunga ng'ombe walimkuta bwawani asubuhi, maji yamemfika kifuani. Hakuwa anaoga. Walimtoa wakamleta nyumbani wamemfunika shuka, nikawapa tumbaku ili wanyamaze. Hivi vidonge ndivyo vilivyomrudisha. Alianza kupika. Alianza kuniita kwa jina.

– Na daktari alisemaje kuhusu mimba? nikamuuliza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufungua mdomo katika jambo hilo.

– Alisema akipata mimba asiache mwenyewe, mama. Arudi mapema waongee, waone hatari ya kumeza na hatari ya kuacha, ndipo waamue. Sikumpeleka. Ningempelekaje? Lori la kwenda hospitali linajaa watu wa shamba. Wangeuliza, mkeo anaumwa nini? Ningejibu nini? Mama yangu mwenyewe anasema dawa ya wendawazimu humtokea mtoto usoni.

– Na yeye Verediana?

– Aliniuliza, nimeze au nisimeze? Nikamwambia mtoto ataharibika. Akanipa kichupa kwa mkono wake. Akasema, kama ni kwa ajili ya mtoto, chukua. Kutupa niliona vibaya, dawa iliyotafutwa kwa shida vile. Halafu nikakumbuka maneno ya hapa.

– Margwe, tulikuwa tunatania! Injinia akasema.

– Mimi sikuwa natania. Niliwauliza.

Injinia akavua kofia, akaivaa tena. Askofu akaanza kusema kwamba yeye binafsi siku ile hakuunga mkono sana, akaishia njiani. Nami niwaseme wao tu? Siku ile Injinia alipotoa hilo suluhisho lake nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikammiminia kikombe cha bure. Mwanamke mzima. Uso uliniwaka, na haukuwa moto wa makaa.

– Vinafanya kazi, Margwe akasema bila kumtazama mtu. – Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Tangu siku ile ya bwawa sikuwa nalala, nilikuwa nasikiliza mlango. Akijigeuza, naamka. Akikohoa, naamka. Sasa nikimeza hivi, nikilala ni mpaka kuche. Najisikia mwanamume tena. Namtafunia dawa yake na napona mimi.

Redio akamaliza kahawa yake kwa mkupuo mmoja.

Lori la kutoka Mbulu likasimama kwenye kona. Akashuka mama mmoja mnene kiasi, furushi kichwani, koti la baridi limefungwa vifungo vyote. Margwe alipomwona alisimama haraka, kichupa akakirudisha mfukoni. Alikuwa Kornelia, dada mkubwa wa Verediana, ametoka Maretadu, kule Mbulu.

– Shikamoo, shemeji.

– Marahaba, Margwe. Habari za hapa? Nyie wazee, shikamooni.

– Marahaba, wakaitikia kwa pamoja, chini chini.

– Nimesikia mdogo wangu ni mjamzito nikaona nisingoje kuitwa. Safari hii nakaa naye mpaka ajifungue. Niliacha maharage yangu shambani, yaoze yakitaka. Akatua furushi, akajifuta vumbi usoni, akacheka kidogo kwa uchovu. – Haya niambie. Analala?

Margwe akapapasa kichupa mfukoni.

– Nauliza hivyo kwa sababu unakumbuka, Kornelia akasema. – Mara ile ilianzia hapo. Chakula kilifuata baadaye. Nikijua tu kwamba analala, nitakunywa kahawa ya huyu mama kwa raha. Analala usiku?

Askofu akatazama viatu vyake. Redio akaanza kuzungusha kikombe kitupu. Injinia, mwenye jibu la kila injini, alikuwa anakwaruza kucha kwenye ubao wa benchi. Nilimtazama Margwe nikitamani aongope tu, hata uongo mdogo, na nikajichukia kwa kutamani hivyo.

– Sijui, shemeji.

– Hujui vipi? Si mnalala chumba kimoja?

– Kimoja.

– Sasa?

– Mimi nalala, Margwe akasema. – Sisikii kitu.

Kornelia alimkodolea macho, akatugeukia sisi mmoja mmoja, akidhani labda hajaelewa Kiswahili cha huku. Kisha uso wake ukabadilika. Hakuuliza tena. Aliliacha furushi palepale barabarani akashika njia ya nyumbani kwa mdogo wake, haraka haraka, koti likimpiga miguuni. Margwe akamfuata. Baada ya nyumba ya tatu niliona anakimbia, amempita, kichupa kiko mkononi na mkono uko juu, mtaa mzima unamwona.

Nililitia maji jiko langu na kuwafuata.