Arnold Kingi Charo, Fundi Aliyeomba Radhi Barazani

Arnold Kingi Charo, ambaye leo Jumamosi tarehe 22 Novemba 1997 tunamrudisha nyumbani kwao Kaloleni, alizaliwa hapa hapa Jumatatu tarehe 14 Mei 1951. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Charo Ngowa na Mama Mbodze. Mama husema alizaliwa mvua ikinyesha na hakulia mpaka ilipokatika. Ukaidi huo alikaa nao, na dada yake Purity, anayesoma maneno haya, ni shahidi.

Alisoma shule ya msingi kijijini mpaka darasa la saba, akamaliza mwaka 1966. Hesabu alizipenda, ila Kiingereza kilimpiga chenga. Siku moja aliikuta baiskeli ya mwalimu imeegemezwa ukutani, akaifungua kengele yake ili aone sauti inatoka wapi. Mwalimu alimchapa kwanza, kisha akamwamuru airudishe ilivyokuwa. Kengele ikalia vizuri kuliko mwanzo, na tangu siku hiyo baiskeli ile ilitengenezwa na Kingi peke yake.

Januari 1968 alishuka Mombasa, akapokewa katika gereji ya Mzee Chonga, Bondeni. Alikaa hapo miaka kumi na mmoja. Mzee Chonga hakuwa na maneno mengi. Alimfundisha kuisikiliza injini kabla ya kuigusa, kuosha spana kabla ya kuosha mikono, na sheria moja ambayo mafundi wote wa rika lake waliijua: kazi ya fundi mwenzako huisemi vibaya mbele ya mwenye gari. Ukikuta ameharibu, tengeneza unyamaze, kisha umfuate umwambie mkiwa wawili. Mwaka 1979 marehemu alipofungua gereji yake Tudor, mzee alikuja mwenyewe kumwombea dua, akamwachia sanduku lake la spana la zamani.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa kanisani Makupa na Jacinta Nanjala, binti wa karani wa reli aliyetoka Bungoma. Gari la maharusi liligoma kuwaka nje ya kanisa. Bwana harusi alivua koti akafungua boneti, na shemeji zake wakabaki wameshika viuno. Liliwaka. Katika picha zote za siku ile kidole gumba chake cha kulia ni cheusi, na Jacinta amekuwa akiwaonyesha wageni kidole hicho kabla ya kuwaonyesha shela yake. Mungu aliwajalia watoto watatu: Charo, Mbodze na Wendy.

Sasa tunafika mwaka 1994, na hapa familia ilijadiliana kama yaandikwe au yaachwe. Jacinta alisema yaandikwe, kwa kuwa marehemu mwenyewe hakuyaficha.

Bwana Abdulhalim wa Kibokoni, Mji wa Kale, alikuwa na gari dogo la michezo la Kiingereza la mwaka 1964, la viti viwili na paa la turubai, aliloachiwa na kaka yake. Alilipenda kupita kiasi. Septemba 1993 pampu yake ya petroli ilikufa, na Mzee Chonga akafunga nyingine. Haikumaliza miezi sita, nayo ikaungua. Safari hii Abdulhalim alimwita Kingi. Marehemu aliifungua pampu iliyoungua barazani, nje ya nyumba, wanaume wa mtaa wakinywa kahawa na kutazama. Akaigeuza mkononi, akasema, "Mkono wa mzee umekwisha. Pampu haifungwi hivi."

Waliokuwapo walicheka, naye akacheka. Maneno yalifika Bondeni kabla ya alasiri.

Pampu mpya ilitoka Uingereza kwa posta. Alhamisi tarehe 14 Aprili marehemu alilala chini ya gari, akaifunga kwa nyuma karibu na gurudumu la kulia, akabadilisha mipira ya petroli na kusafisha nyaya zilizoliwa na kutu. Alipowasha ufunguo, pampu iligonga tik tik tik, kabureta zikajaa, ikanyamaza kama inavyotakiwa. Injini ikashika mara moja. Abdulhalim akaingia upande wa abiria, wakapita Ngome ya Yesu wakashika barabara ya Mama Ngina, watu wakiwapungia mikono. Walipofika katikati ya barabara gari likakohoa, likazimika.

Kingi alishuka. Kila kitu alichokifunga kilikuwa sawa, na hilo ndilo lililomtisha. Alikishika kifuniko cha tangi ili aone kama petroli imo. Alipokilegeza tu, hewa ikavutwa ndani kwa kishindo, na pampu ikaanza kugonga yenyewe. Akakigeuza kifuniko. Kile kitundu kidogo cha kupitisha hewa kilikuwa kimezibwa kwa nta.

"Bwana Abdulhalim, hapa pana nini?"

"Nimepaziba mimi, kwa mshumaa," akajibu Abdulhalim, bila wasiwasi. "Tangu mwaka jana. Hewa yetu hii ina chumvi, bwana. Ningeliacha tangi wazi lingeota kutu lote."

Marehemu alikaa kwenye ukingo wa barabara. Tangi lisilovuta hewa halitoi petroli. Pampu huvuta, hushindwa, hukwama na moto wa betri ndani yake, mpaka iungue. Pampu ya Mzee Chonga ilikuwa imefungwa vizuri. Alimwambia mkewe jioni ile kwamba aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, kwa sababu alimhukumu bila kusikiliza mtu yule yule aliyemfunza kusikiliza.

Siku hiyo hiyo alikwenda Bondeni akamkuta mzee uani, akipiga tupa. Akapiga magoti, akaomba radhi. Mzee hakuinua macho. "Uliyasema barazani," alimwambia, "kisha waja kuyaomba uani?"

Basi Jumapili, baada ya ibada, Kingi alikwenda Kibokoni na suti yake ya kanisani. Alimwomba Abdulhalim awakusanye wale wale waliokuwapo, na Mzee Chonga naye akaitwa. Marehemu alisimama mbele yao akakionyesha kifuniko na nta yake. "Pampu ya mwalimu wangu haikuwa na kosa," alisema. "Kosa lilikuwa mdomoni mwangu. Mwalimu, nakuomba radhi mbele ya hawa hawa walionisikia." Abdulhalim alikiri habari ya mshumaa, uso umemshuka. Mzee Chonga alisikiliza mpaka mwisho, akamaliza kahawa yake, akainuka akaenda zake.

Kwa miaka mitatu na nusu iliyofuata, kila Jumamosi, marehemu alipita Bondeni. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Basi. Halafu kazi ikiendelea, huku tupa, huku nyundo. Wapo waliomwambia aache kujidhalilisha, na Purity ni mmoja wao, tena kwa maneno makali ambayo leo anayajutia. Marehemu alijibu kwamba anapita kumwamkia mwalimu wake, na njia ya Bondeni haina mwenyewe.

Mwaka 1996 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, na Juni mwaka huu madaktari wakagundua kwamba figo zimedhoofu. Alifanya kazi mpaka mwisho wa Agosti. Miguu ilipovimba akashindwa kufika Bondeni, na hilo lilimwuma kuliko ugonjwa. Jacinta alitaka kwenda kumwita mzee. Marehemu alikataa: "Radhi haivutwi kwa kamba. Akiwa nayo ataileta." Alilazwa tarehe 2 Novemba, akafariki Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Siku moja kabla, aliuliza ni siku gani. Akaambiwa Jumatatu. Akasema, "Jumamosi bado, basi."

Wasifu huu ulikuwa uishie hapo. Lakini Jumatano iliyopita Mzee Chonga, ambaye sasa ana miaka sabini na minane, alikuja matangani Tudor akitembea kwa mkongojo, akaomba asomewe yaliyoandikwa. Alisomewa yote, hata yaliyomhusu. Alilia bila kujificha, kisha akaagiza yaongezwe maneno haya, nasi tunayasoma kama alivyoyatoa:

"Andikeni kuwa Chonga alimsamehe Kingi pale pale barazani. Moyo ulikuwa umesharidhia, ulimi ndio uliokuwa na kiburi. Kila Jumamosi nikisema, leo nitamwambia. Akishapita nasema, atarudi. Asiseme mtu kwamba mwanangu amekwenda na kosa. Lililobaki ni langu."

Marehemu ameacha mjane, Jacinta Nanjala. Watoto wake Charo, Mbodze na Wendy. Mama yake, Mama Mbodze. Na ndugu zake waliosalia, Crispus na Purity. Ameacha pia mwalimu wake, Mzee Chonga, aliyeomba aandikwe miongoni mwa wafiwa, na ambaye ameketi nasi hapa mstari wa mbele.

Pumzika kwa amani, Kingi. Umejibiwa.